Hatua Kumi na Mbili za Bi Zuhura

Mwanangu Sekela,

Sasa hivi umeingia jikoni bila kutumwa, ukachukua sahani ya babu yako, ukaifunika kwa sahani nyingine na kuisogeza karibu na jiko ugali usipoe. Ulidhani sijakuona. Nilikuwa huku gengeni nimeinamia daftari, ukafikiri naandika mambo ya nyanya. Kisha umetoka, umekaa kwenye ngazi, umefungua kitabu, na mpaka sasa hujageuza ukurasa. Unaangalia barabara. Na mimi naangalia barabara. Tunamngoja mtu mmoja na hakuna anayemtaja.

Ni saa kumi na moja kasoro robo. Babu aliondoka saa nane, ugali wake ameumega tonge mbili tu. Hakuchukua mwavuli, na manyunyu yameanza. Simu yake iko juu ya redio, inachaji. Nimemtuma fundi wa pikipiki apite kijiwe cha kahawa, amerudi anasema hayupo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi lako linaondoka kwenda Iringa. Asiporudi kabla hujalala, au akirudi akajifungia chumbani kama anavyojua kujifungia, utaondoka hamjaagana. Umri wake unaujua. Likizo ni mbali.

Sitaandika habari za sweta, wala mswaki, wala kuficha hela ndani ya soksi. Hayo umeyapanga mwenyewe vizuri kuliko mimi. Naandika yale ambayo mdomo wangu huwa unayakwepa. Kama nimekosea herufi, sahihisha kimoyomoyo kama unavyonisahihishaga siku zote, mimi niliishia darasa la saba.

Nianze na leo mchana.

Ulikuwa unafanya mazoezi ya mdahalo wako. Yule dada wa kidato cha sita alikwambia kwenye simu kwamba wageni wote wa kidato cha tano husimamishwa wiki ya kwanza, wabishane mbele ya shule nzima, na hoja ya safari hii ni serikali itumie zaidi kwa ajili ya wananchi au iwaachie wananchi watumie zao wenyewe. Ulichagua kuwaachia. Ukasimama kibarazani na mwiko mkononi kama kipaza sauti, ubepari huku, ujamaa kule, babu akajifanya mwenyekiti wa mdahalo. Alifurahi sana. Umemwona alivyovaa miwani kwa ajili hiyo, na miwani yenyewe haina kioo kimoja. Pale mbele ya genge walikuwepo fundi pikipiki na Mama Eliza, wanachagua nyanya, wakaacha kuchagua wakawa wanasikiliza.

"Serikali haina hela," ulisema. "Serikali ina mfuko tu. Hela ni za mama hapa na nyanya zake."

"Mke wangu," babu akasema, "na barabara unayopita kwenda shule, amejenga mama yako na nyanya zake?"

"Amejenga, babu. Tofauti ni kwamba hakuulizwa."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaanza ile hadithi yake ya kijiji cha ujamaa, tunayoijua wote, ambayo kila mwaka kijiji kinazidi kuwa kizuri. Zahanati ilikuwepo, shule ilikuwepo, duka la ushirika lilikuwepo, lina rafu sita.

"Rafu sita," ukasema. "Na sabuni ngapi?"

Fundi akaangua kicheko. Babu akasema kulikuwa na vita wakati huo, kulikuwa na ukame, magari hayakuwa na mafuta.

"Ujamaa kila siku una sababu, babu. Ubepari una sabuni."

Hapo na yeye alicheka, nilimwona. Alikuwa bado anafurahia. Akanyoosha kidole akasema, "Sawa, lakini sisi hatukumwacha mtu. Mzee akiishiwa nguvu, kijiji kizima kililima shamba lake. Nyie mabepari mzee wenu mnampeleka wapi?"

Ndipo ukasema lile. Nalirudia hapa kwa sababu nataka ulione likiwa limeandikwa. "Babu, sasa hivi kijiji chako ni genge la mama. Yeye anauza, wewe unagawiwa. Mama ndiyo serikali yako, ila hukuwahi kumpigia kura."

Fundi alipiga makofi. Mama Eliza alidondosha nyanya. Na mimi, mwanangu, nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka kwa sauti, nikashika mbao ya genge nisianguke. Ukaniangalia ukaona umeshinda.

Babu aliweka tonge chini. Akanawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Akachukua koti. Mlangoni akasema, "Umesema vizuri, Sekela."

Hukusikia? Alikuita Sekela. Tangu umezaliwa yule mzee hajawahi kukuita jina lako. Wewe ni mke wake, ndivyo babu na wajukuu wanavyotaniana kwetu, hata ulipokuwa unanyonya alikuwa anakuja kuuliza mke wangu ameamkaje. Uliniambia baadaye, "Mama, ni utani tu, si babu yangu?" Ni kweli, ni babu yako, na ulikuwa na haki ya kutania. Lakini hukujua ulichosema. Mimi nilijua, na yeye alijua. Sasa nakuambia.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, tulimaliza wawili nyumbani kule Rungwe, mimi na mjomba wako Ambakisye, maana yeye alirudia darasa. Tukafaulu wote wawili. Siku hizo sekondari ilikuwa kwa ada. Babu yako alikuwa na ng'ombe mmoja wa kuuza. Akatukalisha kwenye benchi, mjomba wako huku, mimi huku, yeye akasimama. Alizungumza kama yuko mkutanoni, kwamba familia ni moja, kwamba anayesoma anasoma kwa niaba ya wote. Halafu akasema, "Tumpale, mwanangu, wewe utasubiri kidogo."

Nikasubiri. Sikujua nasubiri nini. Nilikupata wewe nikiwa bado nasubiri, nina miaka kumi na sita, ndiyo maana kesho stendi watauliza kama mimi ni dada yako.

Yule aliyekuwa anatuambia kila jioni kwamba kijijini kwao watu wote walipata sawa, nyumbani kwake alikuwa na kura moja na hakunipigia mimi. Sijawahi kumwambia. Nimempikia, nimemfulia, alipofiwa na mama nilimleta hapa Ilomba akae na sisi, na wala sijuti. Lakini lile la kura uliposema, kitu kilitoka tumboni kwangu kabla sijakizuia, kikatoka kama kicheko. Yeye alikisikia. Neno lako lilikuwa utani wa mjukuu. Kicheko changu ndicho kilichomvalisha koti.

Nimekaa hapa saa zote hizi nafikiria lile benchi. Wakisoma bajeti redioni wewe na babu mnakaza masikio, yeye anapiga meza, wewe unaandika maneno magumu magumu, nakisi, ruzuku, deni la taifa. Mimi huwa naosha vyombo. Lakini nasikia, na kila wanaposema sekta hii imepata kiasi hiki na ile imepunguziwa, mimi naona ng'ombe mmoja na watoto wawili kwenye benchi. Nani anasimama, nani anaambiwa asubiri kidogo. Wakati wa kampeni yale magari ya matangazo yalipita hapa, huyu anasema atatoa vyote bure, yule anasema bure itatufilisi, na wanaume wa kwenye benchi la fundi wakaniuliza, "Mama Sekela, wewe ni bepari au mjamaa?" Nikawajibu mimi ni nyanya, fungu mia tano. Walicheka. Mvua ikizidi na nyanya zikiadimika mimi napandisha bei kama bepari yeyote. Jioni mchicha ukinyauka nawagawia majirani, na sijui kama ni ujamaa au ni uvivu wa kuutupa.

Ila hili moja nalijua. Wewe hukukalishwa kwenye benchi. Ulipofaulu kwenda kidato cha kwanza nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela za ada, kumbe ada hakuna tena. Na sasa kidato cha tano vilevile. Kuna mtu mahali fulani alisema huyu naye aende, na hakunijua mimi wala wewe. Ukisimama huko Iringa ukasema serikali ipunguze matumizi, sema, mwanangu, sikukatazi, huenda una hoja, mimi mwenyewe naona magari yao yanavyopita hapa marefu marefu na vioo vyeusi. Ila kabla hujafungua mdomo mwangalie kwanza mtu aliyeko kwenye benchi. Ulimi wako umekuwa mwepesi kwa sababu hukuwahi kusubiri. Nafurahi hukusubiri. Lakini naogopa.

Na naogopa kwa sababu ulimi huo si wa babu yako, wala si wa baba yako. Ni wangu.

Unakumbuka mtaro wa maji? Ulikuwa darasa la pili. Unakumbuka tu lile kopo la rangi ulilokuwa unatolea udongo, ukililia nisipokupa. Basi ngoja nikuambie lililobaki.

Mtaa ulikuwa hauna bomba. Tukaambiwa mabomba yatatoka serikalini, ila mtaro tuchimbe wenyewe, nguvu za wananchi. Mwenyekiti wa mtaa akapita na vigingi, kila nyumba akaipimia hatua kumi na mbili, kina mpaka kiunoni. Alikuwa mrefu yule, kwa hiyo kumi na mbili zake zilikuwa kumi na tano zangu. Nilichimba siku tano peke yangu, mimi na kopo lako. Mikono ilichubuka mpaka nikawa nashika kisu cha mboga kwa kitambaa. Mtaro ukaanza kuonekana, mrefu, umenyooka toka barabara kubwa mpaka huku chini. Ila chini yangu kidogo palikuwa na kipande hakijaguswa. Nyasi zake zimekaa vilevile, vigingi viwili vimesimama. Hatua kumi na mbili za Bi Zuhura.

Bi Zuhura unamjua wa leo, Bibi anayekupa kashata. Wakati ule mumewe, muuza vitenge, alikuwa amefariki muda si mrefu. Mimi nilijua amefiwa, nilikwenda msibani. Lakini kwetu milimani watu wanalia, wanazika, na baada ya siku kadhaa mwanamke unamkuta shambani, ndizi hazimngoji mtu. Huyu nikaona wiki zinakwenda hatoki. Dirisha limefungwa pazia, chakula analetewa, maji analetewa. Nikajiambia, ndio hawa watu wa pwani, wanaishi kama malkia. Na wala si wa pwani, amezaliwa hapa hapa Mbeya, babu yake ndiye aliyekuja na biashara. Lakini mimi niliona hivyo.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa pale uwanjani. Mwenyekiti akasema, "Ndugu zangu, kimebaki kipande kimoja, tukifanyeje?" Mzee mmoja akatoa wazo kwamba majirani kumi na wawili tuchimbe hatua moja moja, tumalize asubuhi moja, twende tukanywe chai. Lilikuwa wazo zuri. Watu walishaanza kutikisa vichwa. Mimi nikasimama. Sikuwa nimewahi kusimama mkutanoni. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mume, naonekana mtoto, mikono imefungwa vitambaa. Nikasema, "Mwenyekiti, mimi sina mtu wa kunichimbia. Basi na sheria iwe moja. Asiyeweza kutoka kuchimba, asitoke kuchota."

Jamani, walicheka. Walipiga makofi. Wengine walirudia, asitoke kuchota, asitoke kuchota, kama wimbo. Yule mzee wa wazo zuri akakaa chini, aibu imemshika. Hoja ikapita. Tangu siku ile wakawa wananiita Mheshimiwa. Nikipita na beseni langu la mboga, "Mheshimiwa, bunge limekaaje?" Na mimi nilipenda. Nisikudanganye. Tangu nizaliwe sikuwahi kupigiwa makofi, nililala siku tatu nayasikia.

Uwanja ule uko chini ya dirisha la Bi Zuhura. Pazia tu lilikuwa kati yetu.

Baada ya wiki moja alikuja mama mmoja kununua nyanya chungu, mke wa fundi cherehani. Akachagua, akalipa, halafu hakuondoka. Akaniuliza kwa upole, "Mama Sekela, wewe unajua eda ni nini?"

Nikasema sijui.

"Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki hovyo, hajipambi. Siyo kwamba anaringa. Anakaa na msiba wake."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hakuna aliyesema mkutanoni?"

Akasema, "Watu walikuwa wanacheka."

Ningeweza kwenda siku ileile. Hatua hamsini, hata hazifiki. Ningechukua jembe nikachimba chini ya dirisha lake asikie jembe, ingetosha. Sikwenda. Nilijiambia hoja ilishapita, mimi si mwenyekiti. Nilijiambia na mimi nina shida zangu. Na ndani kabisa nilikuwa naogopa kuacha kuitwa Mheshimiwa.

Mvua zikaja. Maji yakashuka kwenye mtaro wetu mzuri, yakafika pale penye udongo wa Bi Zuhura, yakasimama. Yakajaa. Kuta zikaanza kudondoka kuanzia kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa juu yake, halafu kwa jirani, halafu kwa mwingine. Nilichimba upya. Mvua ikabomoa. Nikachimba tena. Watu waliokuwa wananipigia makofi wakawa wanachimba mara ya pili na hawaniiti Mheshimiwa tena, hawaniiti kitu. Mwishowe halmashauri wakaleta mashine. Nilikuwa nimebandika maharage. Ile mashine ilishusha mkono wake, ikachota, ikachota, na hatua kumi na mbili zikaisha kabla maharage yangu hayajachemka.

Nimelifikiria hilo kila ninapowasikia mnabishana. Kitu tulichogombania miezi miwili, hela za serikali zimekimaliza kwa muda wa kuni tatu jikoni. Ningekuwa na akili ningekaa kimya nikasubiri mashine. Au ningechimba hatua yangu moja nikanywa chai. Vyote viwili vingeleta maji. Sentensi yangu haikuleta hata tone, na ndiyo iliyobaki.

Kwa sababu eda ilipoisha, Bi Zuhura alitoka na ndoo yake. Nilikuwa hapahapa gengeni. Nikamwona anakuja. Akalifikia bomba letu, watu wamepanga mstari, akawasalimia wote. Akanisalimia na mimi, "Hujambo, Mama Sekela?" Akapita. Akaenda kuchota lile bomba la karibu na msikiti, mwendo wote ule wa kupanda. Mpaka leo. Ulikuwa unafikiri kwa nini Bibi anatembea na ndoo mpaka kule wakati bomba liko mlangoni? Uliwahi kuniuliza nikasema ni mazoezi.

Hatujagombana. Ndimu ananunua kwangu. Sikukuu ananiletea pilau, Krismasi nampelekea ndizi. Ila maji yale hajawahi kuyaonja.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake. Basi lako linafika Iringa mchana, na kutoka mjini mpaka shuleni, ng'ambo ya Tosamaganga, ni mwendo mwingine. Nilikuwa silali. Nikakumbuka ana mdogo wake Kihesa, palepale Iringa mjini. Nilisimama mlangoni kwake nikawa nafunga na kufungua kanga. Akaanza yeye.

"Mama Sekela, umekuja kuniangalia au una neno?"

Nikamwambia mtoto anakwenda Iringa hana mtu. Hakuniacha nimalize. Akashika simu palepale, "Rukia, kuna binti yangu anakuja, ukampokee stendi, alale kwako, kesho yake umfikishe shule. Ndiyo, binti yangu. Huyo mwenye mdomo." Akacheka. Akaweka simu chini, akaniangalia, akangoja. Sekela, alikuwa anangoja. Nilimwona kabisa. Ameniwekea nafasi pale kama mtu anavyosogea kwenye benchi. Na mimi, Mheshimiwa, nikasema, "Naona leo mvua itanyesha."

"Itanyesha," akasema.

Nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo kesho unakwenda kulala kwenye nyumba ya mdogo wake yule mwanamke niliyemfanya achekwe na mtaa mzima. Wao hawatakwambia, ndio maana nakwambia mimi. Na huko shuleni utasimama na utashinda, hilo sina wasiwasi nalo, ningejua utashindwa ningelala. Ninachohofia ni yale makofi. Mdomo unapata neno tamu, unaona watu wameshaanza kucheka kabla hujalimaliza, na kuna mtu mmoja nyuma ya pazia. Wewe hutamwona. Mimi sikumwona. Hoja yangu mbona ilikuwa nzuri? Sheria iwe moja kwa wote, nani angepinga? Hata leo nikiisema peke yangu naiona imenyooka.

Nilitaka nikuandikie hapa cha kumwambia babu yako akirudi. Nimeandika mistari miwili nikaifuta, umeona palipochafuka. Naanzaje kukufundisha kitu nilichoshindwa miaka yote kwa mwendo wa hatua hamsini? Na kwake yeye vilevile. Inabidi nimwambie kwamba nilicheka na kwa nini nilicheka, na nimuulize kama anakumbuka lile benchi. Huenda halikumbuki. Huenda analikumbuka kila siku anapokula kwangu, na ndiyo maana hamalizi sahani yake. Hilo ndilo limenijia sasa hivi na sijui nifanye nalo nini. Ng'ombe alikuwa mmoja, Sekela. Hata mimi kama ningesimama yeye akakaa, sijui kama

Kuna mtu anaita nje. Wewe umesimama pale kwenye ngazi, kitabu kimeanguka.

Ni Bi Zuhura, yuko barabarani na ndoo yake tupu, anakwenda maji. Anasema, "Mama Sekela, mzee wako yuko kwangu tangu saa nane, amemaliza chai, sasa anamaliza kashata. Anasema hawezi kurudi, serikali imemcheka. Njooni mumchukue, wote wawili, mimi sina chakula cha jioni cha kumtosha."

Umemuuliza kwa sauti ndogo kama babu amekasirika. Anasema, "Hilo sijui. Ananiuliza tu mke wake kama ameshapanga nguo."

Umekimbia bila viatu. Haya, kimbia.

Yeye bado amesimama hapo na ndoo, manyunyu yanamwangukia, anataka kuendelea na safari ya juu. Nimemwambia, Bi Zuhura, ngoja, usiende mbali, lete hiyo ndoo nikuchotee hapa. Hajaondoka. Anaita tena, jina langu safari hii, Tumpale. Naweka kalamu, nakwenda, na nikishamtwisha nitamwambia kwamba siku ile ya mkutano mimi